Kurasa Kumi na Nane za Mwalimu Nderitu

Wasifu wa Japheth Nderitu Githinji, 1948–1991. Unasomwa na dada yake, Tryphosa Nyakio, nyumbani Ainabkoi, Jumatano tarehe 20 Februari 1991.

Marehemu Japheth Nderitu Githinji alizaliwa tarehe 3 Aprili 1948 hapa hapa Ainabkoi, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la Mzungu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Githinji, aliyeketi pale mbele na fimbo yake, na marehemu Mama Tabitha. Tangu utotoni alikuwa mtu wa utaratibu uliopita kiasi. Akitumwa kuni, alizirudisha zimepangwa kwa urefu, na mama akizichanganya ili awashe moto, Nderitu alinuna mpaka chakula kiive.

Alianza masomo mwaka 1955 katika shule ya kanisa. Dada yake Tryphosa, ambaye ndiye anayesoma haya, alimfuata miaka mitatu baadaye, na kwa miaka yote iliyobaki aliambiwa awe kama Nderitu, jambo lililomchosha sana. Nderitu alipita mtihani wa KAPE mwaka 1962, akasoma sekondari Nakuru, na mwaka 1969 akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea hesabu. Alihitimu mwaka 1972. Mzee Githinji alichinja mbuzi wawili, na majirani walipouliza kijana amesomea nini hasa, aliwajibu kwamba hata yeye bado anaelezwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kampuni ya bima Nairobi, alikohudumia kompyuta iliyojaza chumba kizima na kulishwa kadi zenye matundu. Huko ndiko alikokutana na Virginia, karani wa ofisi ya jirani. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Agosti 1978, siku kumi kabla ya nchi kufiwa na rais wake wa kwanza. Kadi za mwaliko aliziandika kwa mkono nyuma ya kadi kuukuu za kazini. Nyanya yake Virginia aliigeuzageuza yake, akauliza ni familia gani hii inayoalika watu kwa karatasi zilizoliwa na panya. Mungu aliwajalia watoto wawili, Githinji na Tabitha.

Baada ya masomo ya miaka miwili Uingereza, marehemu alirudi na mwaka 1986 akaajiriwa kufundisha kompyuta katika chuo kikuu kimoja kule Eldoret. Chuo kimeomba jina lake lisitajwe leo, na jamaa wamekubali. Walihamia Yamumbi, na kila asubuhi alipita Huruma kumsalimia dada yake kabla ya kwenda maabara. Huko kulikuwa na kompyuta sita. Mbili zilikuwa zimeharibika, na moja ilifanya kazi asubuhi tu.

Somo alilolipenda kuliko yote alilibuni mwenyewe. Aliwafundisha wanafunzi kuandika kurasa za kusomwa kwenye kioo cha kompyuta, ambazo ukichagua neno moja na kubonyeza kitufe, ukurasa mwingine unafunguka, na kutoka huo mwingine tena. Alisema siku moja watu wataachana na makabati ya faili. Tulimcheka. Kanuni yake darasani ilikuwa moja: ndani ya kila ukurasa, katika mistari ya maagizo ambayo msomaji haioni kwenye kioo, mwanafunzi aandike jina lake kamili na tarehe. Kazi isiyo na jina hakuisahihisha hata ukilia, na wapo waliolia.

Hapo ndipo habari inapofika mahali pagumu. Katika programu mlizoshika, sehemu inayofuata ina mistari miwili: kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na kwamba familia inawashukuru wote. Mwenye mashine ya kuchapa alikataa kuchapa zaidi ya hapo, na hatumlaumu, ana watoto. Lakini Tryphosa anafundisha darasa la tatu, na hajawahi kumruhusu mtoto aruke mstari kwa sababu ni mgumu. Kwa hiyo itasomwa yote.

Jumanne tarehe 10 Julai mwaka jana, mwanafunzi mmoja wa darasa hilo, Kipyego, alitoka bwenini na watu wawili waliosema wanamhitaji kwa dakika tano. Hakurudi. Mama yake, Mama Jepkosgei, alizunguka vituo vyote vya polisi akaambiwa hayumo. Mama huyo yuko hapa nasi, ameketi na jamaa.

Ijumaa tarehe 20 chuo kilikuwa na siku ya wageni, na wanafunzi kumi na wanane waliobaki wakaonyesha kurasa zao, kila mmoja wake. Ofisa mmoja kutoka wilayani alikalishwa mbele ya kompyuta. Alifungua ukurasa wa kilimo cha ngano, akaupenda. Chini kabisa aliona neno moja, Kipyego. Alilichagua, akabonyeza. Ukafunguka ukurasa wa kumi na tisa, ambao mwalimu mwenyewe hakuwa ameuona, wenye maneno machache: mwenzetu alichukuliwa tarehe 10 Julai, yuko wapi? Ofisa alirudi nyuma, akafungua ukurasa wa wanariadha, akafika pale pale. Akafungua wa tatu, wa nne. Zote zilielekea huko. Aliomba chai, akainywa yote, akashukuru, akaenda zake.

Wageni walipoondoka, marehemu alizifungua diski zenye kurasa hizo. Wanafunzi walikuwa wametii kanuni yake. Katika mistari ya ndani ya ukurasa ule wa kumi na tisa waliandika majina yao kamili, yote kumi na manane, na tarehe.

"Nimewafundisha watoto wa watu kujichongea," alimwambia Virginia.

Hakuzichoma diski, kwa sababu ofisa alikuwa ameziona, na zikikosekana wangeitwa wanafunzi mmoja mmoja. Jumapili, sisi wengine tukiwa kanisani tunaimba, yeye alikuwa peke yake maabara. Alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka ule wa kumi na tisa, akafuta majina ya wanafunzi na kuandika lake. Alimaliza saa tisa alasiri, akaja Huruma kwa dada yake akala ugali na sukuma wiki bila kuongea. Dada yake alidhani wamegombana na Virginia, akamtania. Utani huo anaujutia mpaka leo.

Jumatatu watu watatu walikuja maabara. Walikuwa na mtaalamu wao, naye akaifungua mistari ya ndani.

"Mwalimu, kazi ya darasa zima umeiandika peke yako?"

"Jina liko hapo," alisema. "Darasani kwangu mwenye jina ndiye mwenye kazi."

Hawakuamini hata kidogo. Orodha ya darasa walikuwa nayo. Walichotaka ni kinywa chake kiseme nani aliandika nini, na wazo lilikuwa la nani. Walimchukua, wakamuuliza kwa siku arobaini na tatu. Alirudishwa tarehe 4 Septemba, akaachwa barabarani karibu na kituo cha mafuta, kiatu kimoja mguuni. Virginia alimwosha kwa wiki nzima bila kuturuhusu tuingie chumbani. Aliugua miguu, kisha figo. Daktari aliandika figo. Hakuandika nani aliziharibu. Novemba wanafunzi wake walifanya mtihani, naye akausahihisha kitandani, karatasi zote. Gari la kijivu lilianza kuegeshwa nje ya nyumba ya Yamumbi mwezi huo, na hata leo limetufuata hapa Ainabkoi, liko pale langoni, na walio ndani hawajatia sahihi kitabu cha wageni.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 12 Februari 1991, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka arobaini na miwili. Siku mbili kabla alimuuliza Virginia kama kuna mwanafunzi yeyote aliyeitwa. Virginia alimjibu hakuna. Aliuliza tena, akajibiwa vile vile, akalala. Tunamlilia. Tumekasirika pia, na hatutaomba radhi kwa hasira hiyo mbele ya kaburi lake.

Ameacha baba yake, Mzee Githinji. Mjane wake, Virginia. Watoto wake, Githinji na Tabitha. Na dada yake, Tryphosa. Ameacha pia wanafunzi kumi na wanane. Ni desturi yetu kusoma kila jina. Hayo hayatasomwa. Wako hapa, wameketi kati yenu, na tunaomba mtu yeyote asigeuze shingo kuwatafuta.

Pumzika kwa amani, Nderitu. Hakuna atakayekuuliza tena.