Mkanda wa Ochola

Kijiwe chetu kiko Ngara, nyuma ya maduka ya vyombo, kwenye benchi la Mzee Mbarak muuza kahawa. Sheria yetu ni moja: ukija na kitu kipya, iwe simu, miwani au kofia, kinazunguka benchi zima kwanza ndipo kikurudie. Jumatatu Ochola, fundi wa cherehani, ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu hadi maji yanamjaa kifuani, alikuja na mkanda aliopewa kliniki. Unaufunga kifuani dakika tatu, hakuna sindano wala kupasuliwa, na vipimo vinamfikia daktari kupitia simu ya Ochola. Daktari akishaviona, anamwambia aongeze au apunguze dawa ya kukojoa. Leo Alhamisi amefika na meseji, na benchi zima limechangamka.

— Soma tena, akasema Were. Huyu tunamwita Katiba, maana hakuna jambo asilolijua kifungu chake.

— "Vipimo vyako ni vizuri sana. Kuanzia kesho, kunywa nusu kidonge," akasoma Ochola.

— Nusu. Wasee, huyu jamaa amepona, Katiba akatutangazia sote.

— Ni kahawa yangu, akasema Mzee Mbarak akimimina. Nimemzidishia tangawizi makusudi. Tangawizi hukausha maji.

— Wacha, mzee. Ni mkanda, akasema Debra wa mitumba. Hiyo kitu iko na sumaku, inavuta maji pole pole. Mimi niliivaa Jumanne, nikaenda choo mara nne.

— Ulikuwa umemaliza tikiti maji zima, nikamkumbusha.

— Hamjui kitu, akasema Katiba. Hiyo iko kwa setilaiti. Daktari amekaa Westlands, anabonyeza, moyo yako inaongezwa spidi kama feni. Jana nilivaa, nikasikia kabisa nikiongezwa.

— Kumbe wanaweza kukuzima pia? akauliza Debra.

— Ukikosea, wanakuzima. Na hivi karibuni hakuna harusi bila mkanda. Unafungwa mbele ya wazazi, ukisema unampenda na moyo haijaruka, mahari inarudi.

Tulicheka mpaka wenye maduka wakachungulia. Mimi nilifurahi kwa dhati. Ochola ndiye aliyenishonea suti ya harusi, na kwa miezi mitatu nilikuwa namwona akisimama mara mbili kuvuta pumzi kati ya mlango wake na benchi.

Hapo akatokea Phoebe, mkewe, ambaye hajawahi kukanyaga kijiweni.

— Karibu kahawa, shemeji, nikasema.

— Asante, sikai. Baba Awuor, Katiba amenipigia ati umepona. Mtu amepona analala akiwa amekaa kwa kiti? Na leo viatu zimekataa kuingia.

Tukaangalia chini. Ochola alikuwa amevaa ndara, na miguu yake ilikuwa imevimba.

— Daktari ndiye amesema, mama Awuor. Si mimi.

Phoebe akachukua ile simu, akapitisha kidole taratibu.

— Hapa kuna vipimo kumi na nne tangu Jumatatu. Si uliambiwa moja kwa siku?

— Tulikuwa tunajaribu tu, akasema Debra.

— Sawa. Na kwa hizi zote, yake ni gani?

Mzee Mbarak akaweka birika chini. Katiba alihesabu kwa vidole, akachanganyikiwa, akaanza upya, kisha akaacha. Mimi nilivaa mara mbili, na sikumbuki siku gani. Niliona aibu kweli.

Phoebe akapiga kliniki, akafungulia spika, akaiweka simu kwenye benchi katikati yetu.

— Bwana Ochola, ikasema sauti ya daktari, imejaa furaha. Hongera. Huu moyo wako umetushangaza sote hapa.

Ochola akatutazama mmoja mmoja, bila hasira.

— Daktari, akasema, huo si wangu.