Wanne wa Wodi Moja

Basi la Lalago lilikuwa halijatoka hata stendi ya Bariadi, na tayari Nyanjige alilijua tumbo la mzee wa kiti cha mbele kuliko la mumewe. Mzee Jilala alikuwa akimsimulia mama mmoja asiyemjua kwamba alipata saratani ya ini, akapelekwa India, akapandikizwa kipande cha ini la mdogo wake. "Tena mlokole," alilalamika. "Sasa hata harufu ya pombe inanichefua."

"Wamesema utaishi, baba?" mama huyo akauliza, Lalago ikiwa imekaribia.

"Daktari alinielezea kwa ng'ombe. Ukiwa na wanne, baada ya miaka mitano wanabaki watatu."

"Si haba."

"Shida ni kwamba wodini tulikuwa wanne, mama. Mimi, Mboje, mchungaji mmoja na tajiri mmoja mnene. Mmoja akishaenda, sisi wengine tunapumua."

Nyanjige, ambaye ukame ulimmalizia ng'ombe wake wote wanne kwa mwaka mmoja, alifungua mdomo, kisha akaufunga. Utamu wa hadithi ulikuwa bado haujaisha.

"Huyo tajiri anaendeleaje?"

"Anakimbia kila asubuhi, mshenzi yule!"

"Na Mboje?"

"Jana alinipigia kuniuliza kama ninakula. Nikamwambia ninamaliza ugali sahani mbili."

"Akafurahi?"

Basi likasimama Lalago. Mzee akainuka polepole, mkono ubavuni.

"Alisema Mungu ni mwema," akajibu akiwa mlangoni, "kwa sauti ya mtu aliyefiwa."