Bibi Shamba Aliyekuja na Kitanda

Marehemu mama yetu, ambaye kuanzia watoto wa shule mpaka mwenyekiti wa kijiji walimwita Bibi Shamba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa nne wa mama mfinyanzi na baba mfugaji.

Alianza shule ana miaka tisa, kwani ilikuwa mbali na ilibidi amsubiri mdogo wake akue waongozane. Alimaliza darasa la saba 1971, akasoma sekondari, kisha chuo cha kilimo, akapata cheti 1978.

Tarehe 3 Novemba 1980 alipangiwa kazi kijijini hapa, enzi hizo hakuna barabara wala kisima. Msimu wa kwanza alizishawishi kaya arobaini zipande mahindi mapya aliyopewa ofisini. Kumbe mbegu ile ilitaka mvua ndefu. Mvua ikakata mahindi hayajabeba. Bibi Shamba akaondoka bila kuaga. Watu wakasema ameingia mitini. Wiki ya tatu akarudi juu ya mkokoteni wa ng'ombe, amekalia kitanda.

"We binti, unahamia au umekuja kutucheka?" aliuliza jirani yake mjane.

"Nilikosea, mama. Nimekuja kula mnachokula mpaka tuvune."

Na kweli, walikula majani pamoja. Tangu hapo hakumwambia mtu apande kitu ambacho hajakijaribu msimu mzima kwenye matuta yake nyuma ya nyumba. Kikistawi, aliwaita watu. Kikifa, aliwaita vilevile: "Njooni mwone nilivyoshindwa!" Hivyo ndivyo tulivyopata mtama unaowahi kukomaa, na kikundi cha akina mama kikajenga ghala lake la mbegu.

Kitanda kile kilivunjika mguu njiani. Fundi seremala aliyeitwa alitumia siku tisa.

"Mguu mmoja siku tisa, baba?" tulizoea kumtania.

"Ulikuwa mguu mkorofi," alijibu. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984.

Alistaafu 2016, ila matuta hakuyaacha. Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na mwaka huu akalazwa. Mkwewe aliyemuuguza, mtoto mgongoni, alikuwa hajaweka hata kikapu chini wodini anaulizwa, "Kunde zimetoa maua?" Zilikuwa kunde mpya, na kikundi kizima kilisubiri neno lake: wapande au wasipande.

"Usiwaambie kitu, mwanangu. Waone wenyewe. Na zile zilizokufa usizing'oe."

"Mama, si aibu wageni wakiziona?"

"Aibu ya nani? Ziache."

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, ameshikwa mkono na mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba na matuta manane ya kunde. Sita yamebeba, mawili yamekauka. Hayakung'olewa. Tukishamzika msiondoke, piteni nyuma ya nyumba mkaone, ndipo kikundi kiamue.

Apumzike kwa amani mama yetu. Watu wamekuja, na safari hii hakuwaita.