Maisha ya Papa Polycarpe Kabamba, Mshabiki wa Timu Iliyofungwa Misimu Saba

Wachungaji wetu, wafiwa wenzangu, majirani na marafiki mliotoka mbali na karibu kuja kutushika mkono asubuhi hii, mama yetu ameniomba mimi, Sephora, binti wao wa kwanza, niwasomee maisha ya baba yetu, na ameniomba pia nisifupishe habari za mpira, kwa sababu, amesema, tukiuondoa mpira tutakuwa tumemzika mtu mwingine.

Marehemu Polycarpe Kabamba Ngoie alizaliwa tarehe 14 Februari 1953 huko Likasi, Kongo, katika mtaa wa Kikula, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kabamba, seremala wa karakana ya reli, na Mama Mujinga, aliyeuza maharage sokoni na kuongoza kwaya ya kanisa kwa mkono ule ule mzito. Alianza shule ya msingi mwaka 1959 hapo hapo Kikula, akaendelea na shule ya ufundi Lubumbashi, akapata diploma yake ya umeme mwezi Julai 1973. Huko Lubumbashi ndiko alikocheza mpira kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akiwa golikipa wa darasa lake, akafungwa mabao tisa, na mwenyewe alikuwa akitueleza kwamba siku ile Mungu alimwonyesha wazi kuwa nafasi yake ni nje ya mstari.

Mwaka 1974 aliajiriwa kama fundi umeme katika kiwanda cha shaba pale Likasi, na tarehe 8 Agosti 1981 akafunga ndoa na Viviane Kasongo, mama yetu, ambaye wakati wa uchumba aliambiwa kwamba bwana harusi ni mtu mpole asiyepandisha sauti. Mama anasema hakudanganywa, maana wakati ule mambo ya mpira yalikuwa bado hayajaanza. Walijaliwa watoto watatu, mimi niliyezaliwa mwaka 1983, mdogo wangu Guylain mwaka 1986, na kitinda mimba wetu Laetitia, aliyezaliwa hapa Brussels mwaka 1997, na wajukuu watano, ambao mkubwa wao, Anaïs, amekaa pale mbele karibu na bibi yake.

Kiwanda kilipokosa kazi, baba alisafiri, akashuka stesheni ya Gare du Nord, hapa Brussels, tarehe 3 Novemba 1994, akiwa na sanduku moja na koti la kuazima lililokuwa la mtu mfupi, akafanya kazi ya umeme kwenye majengo ya ofisi, na miaka miwili baadaye akatuleta sisi wengine, tukapanga ghorofa ya nne mtaani Saint-Gilles, katika nyumba ambayo mama hajaihama mpaka leo. Mwaka 2003 aliajiriwa kuwa fundi wa shule kuu ya Sainte-Aldegonde, Ixelles, akaitumikia hadi alipostaafu tarehe 28 Februari 2018, na hakuna taa katika shule ile ambayo mikono yake haikuigusa.

Ni taa hizo hizo zilizomponza. Jumamosi moja ya Septemba 2016 aliitwa kurekebisha taa za uwanja wa timu ya wanafunzi, timu inayojiita Les Hérons, yaani Korongo, na alipomaliza kazi yake akabaki kutazama mchezo, na siku ile Korongo wakashinda tatu kwa bila. Baba akadhani ndiyo kawaida yao. Akanunua skafu ya njano na kijani, akajichagulia mahali pake pembeni ya mstari karibu na bendera ya kona, akampigia simu rafiki yake Papa Nassoro, mtu wa Tanga anayekaa mtaa wa nyuma yetu, akamwambia amepata timu ya kupumzishia akili.

Mwaka uliofuata, vuli ya 2017, Korongo walianza kufungwa, na wakaendelea kufungwa kwa misimu saba, bila kushinda hata mara moja. Walifungwa kwa mvua na kwa jua, walifungwa nyumbani Brussels na ugenini Namur, walifungwa siku moja na timu iliyocheza na watu tisa kwa sababu wawili walikuwa na mtihani. Wachezaji walimaliza masomo, wakapata diploma, wakaoa, wakaja wengine wapya wasiojua lolote kuhusu wale wa zamani, nao wakafungwa vile vile. Ulipokuja mwaka wa corona na michezo yote ikasimamishwa, baba alitangaza mezani kwamba huo ndio msimu bora wa Korongo tangu awafahamu.

Sitawaficha, ndugu zangu, kwamba baba alikasirika sana katika miaka ile. Mtu aliyeishi na majirani wa ghorofa tatu bila kugombana na yeyote, akifika kwenye ule uwanja alikuwa akipiga kelele kwa Kiswahili, Kifaransa na Kilingala katika sentensi moja, akavua kofia na kuitupa, kisha akamwomba kijana wa timu pinzani amrudishie, na mwamuzi mmoja Mbelgiji, Mflandri, alituambia kwamba maneno ya Kiswahili anayoyajua yeye ni mawili tu, “kimbia” na “mupumbavu”, na yote aliyapata kwa baba. Kila Jumamosi, ndani ya basi la kurudi nyumbani, kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, aliapa mbele ya abiria wote, “Bon, leo ni mwisho, siko narudia tena pale, hata banikokote na kamba.” Kila Jumatano alimwuliza mama kama ile skafu imekauka. Papa Nassoro, ambaye alimsindikiza kwa ajili ya urafiki tu, alimwambia siku moja, “Polycarpe, my friend, hii siyo timu, hii ni adhabu, na mimi sikumbuki tumekosa nini.” Baba akamjibu, “Papa Nassoro, aba batoto, tukibaacha, nani atabatazama?” Na kweli, siku nyingi upande ule wa uwanja walikuwa wao wawili na mbwa wa kocha.

Sasa nifike tarehe 12 Oktoba 2024. Siku hiyo Darlène, binti ya dada yake mama, aliolewa Liège, na mama alimwambia baba mapema kabisa kwamba asipofika kwenye ile harusi, asifike na nyumbani. Baba akavaa suti, akaenda, na ikawa Jumamosi yake ya kwanza kukosa mchezo tangu mwaka 2016. Tulikuwa ukumbini, maharusi wakikata keki, simu yake ikalia, na aliyepiga alikuwa Mathieu, kapteni wa Korongo, akipiga makelele hata sisi tulioketi meza ile tukamsikia, “Papa Poly! On a gagné! Mbili kwa moja!” Baba alisimama. Mshereheshaji, alipomwona mzee mwenye suti amesimama na machozi yanamtoka, akadhani ni wazee wa upande wa bibi harusi wanataka kusema neno, akamkimbizia kipaza sauti, na baba akasema kwa kipaza hicho, “Ndugu zangu, tumeshinda.” Ukumbi mzima ukapiga vigelegele, familia ya bwana harusi ikaangaliana kwa wasiwasi ikijiuliza imeshindwa wapi, na mama akafunika uso wake kwa kitambaa cha meza.

Lakini baba alipokaa hakushangilia. Alishika ile simu mikononi, akasema polepole, “Miaka yote ile. Na miye sikukuwako.” Barabara yote ya kurudi Brussels alitazama dirishani.

Jumatatu yake, wanafunzi walikuja nyumbani na maua ya kumpongeza, nao walikuwa na furaha kama watoto, na Mathieu, ambaye yuko hapa na ameniruhusu niseme hili, alimtania, “Papa Poly, labda wewe ndiye uliyekuwa na mkosi, safari nyingine utazame televisheni.” Wote wakacheka, baba naye akacheka, akawapa Fanta. Walipoondoka tu, hakucheka tena. Wiki ile hakula vizuri. Alitembea chumbani, akafungua swichi za taa ambazo hazikuwa na ubaya wowote, akazifunga tena, mpaka mama akamkalisha jikoni akamwuliza ana nini. Akasema, “Viviane, kama ni miye njo nilikuwa nabafungisha? Bale batoto balilia mbele yangu, balikimbia mupaka kutapika, na kumbe ni miye muzee nasimama pale na mukosi yangu.” Mama akamwambia hayo ni mambo ya wapagani na yeye ni shemasi. Baba akasema anajua, lakini hata shemasi anaweza kuhesabu, na hesabu ilikuwa inamwelekea yeye. Kisha akakunja ile skafu, akamkabidhi mama, akasema, “Kama ni miye, nitaacha. Bashinde bila miye. Haina neno.”

Mama anasema katika miaka arobaini na mitatu ya ndoa hajawahi kumwona akiacha kitu anachokipenda kwa unyenyekevu kiasi kile, na kwamba siku ile ndipo alipoacha kuuonea wivu ule uwanja.

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba, baba alibaki nyumbani, akazima simu yake, akamtuma Papa Nassoro aende peke yake akatazame. Mimi nilikuwa nimewaleta watoto, nikamkuta ameketi jikoni karibu na kabati, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Jioni tukasikia Papa Nassoro akipanda ngazi, taratibu, akipumzika kila ghorofa, na alipoingia alisimama mlangoni na kofia mkononi. Baba akamwuliza kwa macho tu. Papa Nassoro akasema, “Pole sana, ndugu yangu. Wametufunga tano. Tano bila.”

Baba aliruka. Mzee wa miaka sabini na moja, mwenye goti bovu, aliruka kutoka kwenye kiti, akamkumbatia Papa Nassoro akamnyanyua juu, akapiga kelele zilizowatoa majirani wa ghorofa ya pili, “Haiko miye! Viviane, kuya usikie, haiko miye! Ni benyewe tu! Habajue mpira!” Papa Nassoro, akiwa bado hewani, akasema, “Polycarpe, we lost five, tano, na wewe unacheza ngoma?” Na kweli alicheza, akamzungusha mama jikoni, akawazungusha wajukuu, akala sahani mbili za bukari, ugali wetu, na Jumamosi iliyofuata alikuwa mahali pake kwenye kona, skafu shingoni, akimwita mwamuzi kipofu, na Korongo wakafungwa nne, na baba akarudi nyumbani akiapa kwamba ni mwisho.

Mwezi wa tatu mwaka huu, 2025, moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alimwuliza ni mambo gani nyumbani yanampandisha presha, akafikiri vizuri, akajibu, “La défense,” yaani mabeki wa Korongo, na daktari ilibidi aelezwe na mama. Alikatazwa uwanja. Alilazwa mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 20 Oktoba, na timu nzima ikaja kumtazama, ikajaa chumba, naye akawapanga kuzunguka kitanda kila mmoja kwa nafasi yake, akawaeleza makosa yao mmoja mmoja huku amewashika mikono, mpaka nesi akasema saa ya wageni imekwisha, naye akamwomba nesi aongeze dakika za majeruhi.

Mdogo wangu Guylain, kwa huruma, alijaribu wakati mmoja kumwambia kwamba Korongo wameshinda tatu bila. Baba akamtazama. “Guylain, hata kudanganya haujue. Ungesema moja, ningeitika.” Kuanzia siku hiyo tukamwambia ukweli. Jumamosi, tarehe 1 Novemba, nilikuwa naye peke yangu, Mathieu akanipigia walipofika kutoka ugenini, na nilipokata simu baba alifungua macho, akauliza, kwa sauti ndogo, kama watoto wote wamerudi salama, maana mvua ilikuwa kubwa. Nikamwambia wamerudi wote. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza, “Bamebafunga ngapi?” Nikasema mbili. Akasema, “Afadhali.” Alituaga asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, mama akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia maoni yake, majirani wetu wa Saint-Gilles ambao walivumilia ghorofa ya nne kila Jumamosi jioni, wafanyakazi wenzake wa Sainte-Aldegonde walioleta gari na viti, kanisa letu, waamuzi wawili ambao wamekuja leo bila kualikwa na ambao tunawaomba radhi kwa niaba ya marehemu, na Papa Nassoro, ambaye urafiki wake ulikuwa mkubwa kuliko akili yake ya mpira.

Na nyinyi Korongo, mliokaa nyuma na jezi zenu, ninajua mna mchezo leo saa tisa na mlimwomba kocha uahirishwe, na mama amenipa jibu niwasomee kama alivyolisema: “Muende mucheze. Tukitoka makaburini nakuya kubatazama, mimi na Papa Nassoro, na sitaki kuona muntu anatembea uwanjani.”

Baba, tulikupenda na kelele zako zote. Sasa tulia, pumua, upumzike katika amani ya Bwana.