Mjukuu Aliyefungulia Ndama

Wapendwa, leo sikusimama kujisifu. Nimesimama kukiri kwamba nilimchapa mtoto mgonjwa, nikidhani namtoa kiburi.

Mjukuu wangu aliletwa kwangu akiwa na miaka tisa. Kiwanda cha mjini kilikuwa kimeuzwa, baba yake akapunguzwa kazi, akaenda machimboni, asisikike tena. Kisha mama yake, binti yangu wa kumzaa, akafariki. Tulimzika binti yangu wakati mtoto yuko shuleni. Tukamwambia, "Mama kasafiri." Tuliona ndiyo huruma.

Ndugu zangu, nawaambia, alinitoa jasho! Shikamoo hatoi. Viatu vya mitumba nilivyomnunulia akavitumbukiza chooni. Akisogezewa ugali na mlenda, anageukia ukuta. Na kila alfajiri nikienda kukamua, nakuta ndama, tunaowafungia kando ili nasi tupate maziwa, wote wako kwa mama zao, midomo povu tupu. Kafungua yeye. Namchapa, kesho kafungua tena. Jirani akanicheka: "Mama, umeletewa mjukuu au fisi?"

Nikakata shauri aende kwa ndugu wa baba yake, Mtera. Asubuhi ya safari, nguo zake ziko kwenye mfuko tayari, namkuta zizini, kamba ya ndama mkononi. Nikainua fimbo.

"Piga tu, bibi," akasema. "Huyu akilia, mama yake yupo hapo. Mimi wangu mmemficha wapi? Najua amekufa."

Fimbo ikanidondoka. Nikakaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe, na kitenge changu cha kanisani, nikalia. Naye akalia, mara ya kwanza tangu aje.

Safari ikafa. Siku hiyohiyo nikampeleka kaburini. Mwalimu wake akatutuma zahanati, na nesi akaniambia, "Bibi, mtoto hali, hachezi, anagombana na kila mtu. Hicho si kiburi, ni huzuni." Hakupona kwa siku moja, vyungu vyangu viwili alivivunja baadaye. Lakini nilianza kumuuliza, "Leo kinauma nini?"

Asante mwalimu, asante nesi, asanteni akina mama mliokuja kukaa naye bila kumhubiria. Nanyi wenye watoto wakaidi, kabla ya fimbo, ulizeni. Tena msiwafiche misiba yao.

Yule pale nyuma anayecheka na wenzake ndiye. Siku hizi anakamua kunishinda. Kwa kila ng'ombe anaacha chuchu moja, ya ndama. Namwona, nanyamaza. Maziwa yanatutosha.