Hezroni Mwakibinga na Sekunde Thelathini za Fainali

Wasifu huu nimeuandika mimi, Sekela, mdogo wake marehemu anayemfuata kuzaliwa. Kamati ya mazishi iliniomba nipunguze baadhi ya maneno. Nilikwenda mwenyewe kwa mchapaji, na sikupunguza hata moja.

Marehemu Hezroni Mwakibinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Mwaya, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ezra Mwakibinga na mama yetu Tusajigwe. Alisoma shule ya msingi hapahapa na kumaliza darasa la saba mwaka 1975. Masomo yake yaliishia hapo, maana baba alikuwa mgonjwa na sisi wadogo tulihitaji kula.

Alianza kazi kwa kupeleka mchele Kasumulu kwa baiskeli, akiwauzia ndugu zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Mwaka 1999 alinunua mashine ya kukoboa mpunga pale Kyela mjini. Hakuwahi kuchanganya mchele. Wa kwetu una harufu yake, na Hezroni aliamini kwamba mtu akiinusa mara moja hadanganyiki tena. Hapo alikosea, kwa sababu watu wengi wa mijini hununua kwa kusoma gunia.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na wifi yangu, Naomi. Alipoanza kufungasha mchele wake aliuita Naomi, na kwenye gunia akachora chungu cha udongo cha wafinyanzi wa Lyulilo, kama kile ambacho wifi anapikia mpaka leo.

Sasa nifike kwenye tangazo, maana najua ndilo mnalonong'ona tangu juzi. Mwaka 2022 Hezroni aliuza lori lake la Fuso na kiwanja cha Kasumulu, akalipia tangazo la sekunde thelathini kwenye televisheni, wakati wa mapumziko ya fainali ya Kombe la Dunia. Watengenezaji walikuja kutoka Dar es Salaam na mwigizaji wao na hotipoti ya plastiki. Hezroni aliwaambia anayepika ndiye atakayeonekana. Walimrudisha Naomi kufunua chungu mara nyingi, mpaka akawaambia wali unapoa na kuku wake hawajala. Jioni ya tarehe 18 Desemba tulijaa sebuleni kwake. Hata rafiki yake Badru alifunga duka, akaja na familia. Hezroni hakujua ni timu zipi zinacheza. Naomi alipotokea kwenye televisheni akishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, karibuni wali," wifi mwenyewe alijifunika kanga usoni, na kaka yangu akalia.

Mnasema alitupa fedha. Mnasema wakati wa mapumziko watu wanatoka kwenda kukojoa, nani anaangalia matangazo. Uongo. Simu ziliita kutoka Tanga, Mwanza, mpaka Lilongwe, na Januari malori yakaanza kuingia. Tangazo lilifanya kazi yake, tena vizuri. Yaliyofuata yalifanywa na mtu.

Mdogo wetu Ambrose, ambaye Hezroni alimsomesha na kumpa usimamizi wa mashine, alichapisha magunia yenye chungu kilekile na jina lilelile. Akayajaza mchele wa bei chee aliouokota anakojua yeye, akawa anayapokea malori barabarani kabla hayajafika mashineni. Wanunuzi waliula mchele huo, kisha wakampigia Hezroni kumtukana. Badru ndiye aliyemletea gunia moja alilolikuta sokoni. Ukoo ulikaa kikao, na Ambrose hakukana. Alisema, "Kaka, tangazo lilisema mchele wa Kyela. Kwani mimi si mtu wa Kyela?"

Na ninyi wazee wetu mkacheka. Mkamwambia Hezroni asamehe yaishe, eti nani alimtuma kujionyesha nchi nzima. Mimi nina hasira tangu siku ile, na sitaificha kwa sababu tu kuna jeneza hapa.

Kufikia mwaka 2024 hakuna aliyeutaka tena mchele wa Naomi. Agosti mwaka huo Hezroni alipata kiharusi, akatibiwa Mbeya, akarudishwa nyumbani. Siku moja nilimuuliza kama anajutia lile tangazo. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini nilimsikia. Alisema, "Tangazo halikuniibia, Sekela." Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025 alfajiri, mke wake akiwa amemshika mkono.

Alhamisi Ambrose alileta rambirambi yake, magunia ya mchele wa kuwalisha waombolezaji. Yana chungu. Yana jina la mjane. Wifi alifungua moja, akachota kiganjani, akanusa, akaurudisha ndani. Akasema, "Huu hauingii kwenye chungu changu."

Marehemu ameacha mjane, Naomi; watoto watatu, Tumaini, Dickson na Tukuswiga; wajukuu; mimi; na Ambrose, aliye mstari wa mbele. Magunia yake yako kando ya geti, akiondoka ayapakie.

Bwana ampokee Hezroni, ampe utulivu ambao sisi ndugu zake tulimnyima. Tukitoka makaburini kuna ndizi na maharage. Leo, kwenye msiba wa Hezroni Mwakibinga, wali haukupikwa.