Mkalimani Aliyemkataza Kishada Kuua

Ndugu, jamaa na marafiki, wifi yangu amenipa kazi ya kusoma wasifu huu na akaniomba nisiongeze chumvi. Nimemjibu kwamba maisha ya kaka yangu yalikuja na chumvi yake.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mkalimani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi saa na mshonaji. Mimi ndiye kitinda mimba. Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza sekondari mwaka 1980, akiwa na alama nzuri za lugha na mbaya kwingine kote. Sababu tunaijua. Baba alikuwa amemletea furushi la vitabu vya katuni vya Kishada, yule shujaa anayeruka akiburuza mkia wa kitambaa, na kaka alivisoma mpaka kurasa zikalegea. Kishada ana mwiko mmoja: haui. Adui awe mbaya namna gani, atamfunga kwa ule mkia na kumpeleka mahakamani.

Mwaka 1984 kaka aliajiriwa katika ukumbi wa video nyuma ya soko. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni na maikrofoni na kufasiri filamu papo hapo, sauti zote, za wanaume, wanawake, mbwa na mvua. Aliipenda kazi ile kupita kiasi, mpaka ilipofika filamu ya kwanza ya Kishada. Jamani, waliomtengeneza Kishada wa kwenye filamu hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja. Kishada huyo alimtupa adui yake mkubwa, Daktari Kutu, kutoka juu ya ghorofa, kisha akatabasamu. Damu ilimchemka kaka. Akavuta pumzi na kutangaza: "Msiwe na wasiwasi, ameangukia magodoro. Polisi wanamsubiri." Ukumbi ukashangilia.

Za mwizi ni arobaini. Ilipokuja sehemu ya pili, ilianza na mama yake Kutu akilia juu ya kaburi la mwanawe. Ninyi mngefanyaje? Kaka alisema mama huyo amekwenda kumtembelea mwanawe gerezani, yuko bustanini, na analizwa na vitunguu. Ndipo msichana muuza tikiti akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Na hilo jiwe lenye jina la mwanawe ni la nini?"

"Kibao cha bustani. Mwanawe ndiye mtunza bustani."

"Wewe ni mwongo."

"Mwongo ni aliyetengeneza filamu, dada. Mimi narekebisha."

Walibishana miezi mingi, wakafunga ndoa tarehe 15 Agosti 1987, na wakaendelea kubishana wakiwa na cheti. Wifi alishikilia kwamba filamu ni filamu na kitabu ni kitabu, na aliyekata tikiti aambiwe kilichopo. Kaka naye alisema shujaa akianza kuua huwa ni jambazi aliyevaa vizuri. Walijaliwa mabinti wawili, na wote wamerithi ubishi. Lakini msidhani kaka alifurahia kudanganya. Hamu yake kubwa ilikuwa moja: kabla hajafa, ije filamu ya Kishada atakayoifasiri kama ilivyo, asibadilishe neno.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 koo lilianza kumuuma. Madaktari walikuta uvimbe, na upasuaji wa tarehe 6 Juni ulimpa muda kidogo ukamnyang'anya sauti. Septemba, filamu mpya ya Kishada, iliyoanza hadithi upya, ikafika. Nililia kwa hasira, nasema wazi. Angoje miaka yote ile, halafu ije akiwa bubu?

Wifi akashika maikrofoni. Ilikuwa Jumamosi mchana, tarehe 23, na tulijaa ukumbini mpaka madirishani. Kaka aliketi ubavuni pake. Wifi alifasiri vizuri, ingawa mbwa wake walilia kama mbuzi. Tukafika pale: Kishada amemkaba Daktari Kutu ukingoni mwa ghorofa. Kishada akamtazama, akamtazama, kisha akaufungua mkia wake na kuanza kumfunga mikono. Kama kitabuni, mpaka fundo lenyewe! Wifi alipotaka kufasiri, kaka aliifunika maikrofoni kwa kiganja. Tukamsikia Kishada kwa sauti yake mwenyewe, katika lugha ambayo wengi wetu hatuijui, na tukaelewa kila kitu. Ukumbi ulilipuka. Kaka alikuwa akijipiga mapaja, machozi yanamtiririka, anacheka bila sauti. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Alifariki dunia nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 17 Oktoba 2023, mikononi mwa mkewe. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na sisi ndugu zake wanne.

Jana tulipokuwa tukipanga viti hivi nilimuuliza wifi: je, siku ile Kishada angemtupa yule mtu, ungesemaje? Mwanamke huyu, aliyempinga kaka tangu ujana wao, aliendelea kufuta kiti.

"Ningedanganya," alisema. "Uongo nilikuwa nao tayari. Wiki nzima niliufanyia mazoezi jikoni, yeye akiwa amelala."

Kaka yetu apumzike kwa amani, koo lake na roho yake.